Kani, nishati na momenta kwa kidato cha tano na sita: maswali ambayo walimu wa kanda ya ziwa huuliza mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mwalimu wa fizikia anayefundisha tahasusi za PCM, PCB au PGM Mwanza na wilaya za jirani, hasa yule ambaye maabara yake ni kabati moja na darasa lake limejaa. Mifano ni ya hapa hapa: gatini, mwaloni, barabarani na mlimani. Namba zimechaguliwa ili zihesabike ubaoni bila kikokotoo kila inapowezekana.

Nianze na kipi: kani, nishati au momenta?

Anza na kani, kwa kuwa wanafunzi wameshaigusa O-level. Ila usikae hapo wiki mbili mkikokotoa F = ma. Mapema kabisa andika kwenye kona ya ubao mistari miwili na usiifute muhula mzima:

Kani mara muda = badiliko la momenta (tungamo mara kasi).
Kani mara umbali (ule unaofuata mwelekeo wa kani) = badiliko la nishati mwendo.

Mada nzima imo humo. Kani ni ileile. Ukiifuatilia kwa saa unapata momenta, ukiifuatilia kwa rula unapata nishati. Mwanafunzi akishalishika hilo, anaacha kuziona sura tatu za kitabu kama mada tatu zisizojuana.

Baada ya kani mimi huleta momenta kwanza, nishati baadaye, hata pale kitabu kinapopanga kinyume. Momenta ina aina moja tu, haijifichi kwenye joto wala kwenye springi, kwa hiyo mahesabu yake ni mepesi kusimamia. Newton mwenyewe, mwaka 1687, kanuni yake ya pili aliieleza kwa badiliko la kiasi cha mwendo, yaani hii hii momenta. F = ma ni hali maalumu, pale ambapo tungamo halibadiliki.

Wanafunzi wangu wana fomula zote kichwani, lakini swali likigeuzwa kidogo wanakwama. Tatizo ni nini?

Hawajaacha imani waliyokuja nayo. Jaribu swali hili bila kuwatahadharisha: jiwe limerushwa juu wima, limeshatoka mkononi na bado linapanda. Ukiacha hewa, kani gani zinafanya kazi juu yake? Darasa kubwa litakuambia kuna kani ya mkono, inayopungua kidogo kidogo hadi jiwe linapogeuka. Jibu ni uvutano wa dunia peke yake, tangu linapoachiwa hadi linapotua, na hata kwenye kilele kani haiwi sifuri.

Jambo hili limechunguzwa sana. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake Marekani walitoa jaribio la maswali ya kuchagua, lisilo na hesabu hata moja, la kupima kama mwanafunzi anaielewa kani. Wanafunzi waliokuwa wanafaulu mitihani ya kukokotoa walianguka humo. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya majaribio ya namna hiyo kutoka kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Kozi za mhadhara zilipata kwa wastani asilimia 23 ya kile ambacho wanafunzi hawakukijua mwanzoni. Kozi ambazo wanafunzi walijadiliana, wakabashiri na kupima, zilipata asilimia 48. Ni zaidi ya maradufu.

Huhitaji kifaa chochote kufanya hivyo. Uliza swali moja lenye machaguo matatu. Wape dakika moja ya kimya. Wapige kura kwa vidole wakiwa wameviweka kifuani ili wasiangaliziane. Kisha waambie kila mmoja amshawishi jirani yake, na wapige kura tena. Wewe nyamaza wakati wanabishana. Hapo ndipo kazi inafanyika, na inahitaji moyo kwa mwalimu aliyezoea kueleza kila kitu mwenyewe.

Kuna mfano mmoja unaotenganisha momenta na nishati kabisa?

Upo, na huu nisingependa mwalimu yeyote wa Mwanza auache. Chukua meli ya tani 3,500, tuseme ya ukubwa wa MV Mwanza, inaingia gatini taratibu kwa kasi ya mita 0.2 kwa sekunde. Upande wa pili chukua bodaboda: pikipiki, dereva na abiria, jumla kilo 250, kwa kasi ya kilometa 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde.

Momenta ya meli ni 3,500,000 × 0.2 = kg m/s 700,000. Ya bodaboda ni 250 × 20 = 5,000. Meli imeizidi bodaboda mara 140.

Sasa nishati mwendo. Meli: nusu ya 3,500,000 × 0.04 = jouli 70,000. Bodaboda: nusu ya 250 × 400 = jouli 50,000. Meli imeizidi mara 1.4 tu.

Waache watazame namba hizo kwa muda. Kisha uliza: ipi ngumu zaidi kuisimamisha? Watagawanyika, na pande zote mbili zitakuwa na hoja. Waambie wachukue kani moja ya nyutoni 500, iisukume meli kuirudisha nyuma, na kani hiyo hiyo ivute bodaboda. Bodaboda itasimama kwa sekunde 10 baada ya mita 100. Meli itasimama baada ya sekunde 1,400, zaidi ya dakika 23, lakini itakuwa imesogea mita 140 tu. Ukihesabu kwa saa, meli ni ngumu mno. Ukihesabu kwa rula, hazipishani sana. Mistari miwili ya kwenye kona ya ubao imejibu swali.

Malizia na matairi yanayoning'inia kwenye kuta za gati. Meli ikigota ukuta mgumu na kusimama ndani ya sentimeta 10, kani ya wastani ni 70,000 ÷ 0.1 = nyutoni 700,000. Tairi likibonyea na kuipa nusu mita, kani inashuka hadi nyutoni 140,000. Wape wanafunzi wahakikishe kwa njia ya muda: kwa nusu mita meli inasimama kwa sekunde 5, na 700,000 ÷ 5 ni 140,000 ile ile. Njia mbili zikifika kwenye jibu moja, darasa linaanza kuiamini fizikia.

(Meli husukuma pia maji yanayoizunguka, na wahandisi wa gati huyahesabu. Kwa kidato cha tano yaacheni.)

Daladala ikigongana na bodaboda, nani anapata kani kubwa?

Sawa kwa sawa. Hili lirudie hadi wachoke, maana ni imani ngumu kung'oka na mitaani inasikika kila siku. Kani ya daladala juu ya pikipiki ni sawa na kani ya pikipiki juu ya daladala, muda wote wa mgongano, na mielekeo yake ni kinyume. Kinachotofautiana ni mchapuko: daladala lenye tungamo mara kumi na mbili ya pikipiki linapata badiliko la kasi moja ya kumi na mbili. Dereva wa bodaboda anaumia kwa sababu ya badiliko hilo la kasi, na kwa sababu hana bodi ya chuma ya kubonyea badala ya mwili wake.

Mtumbwi unarudi nyuma mtu akiruka kwenda ufukweni. Naweza kuutumia darasani?

Utumie, na usiishie kwenye momenta kama vitabu vingi vinavyofanya. Mtumbwi wa kilo 120 umetulia majini, mvuvi wa kilo 60 anaruka kwa mita 2 kwa sekunde kuelekea nchi kavu. Kabla ya kuruka jumla ya momenta ni sifuri, baada ya kuruka lazima ibaki sifuri, basi mtumbwi unarudi nyuma kwa mita 1 kwa sekunde. Wanafunzi hufika hapo haraka.

Sasa waulize nishati. Mvuvi ana jouli 120, mtumbwi una jouli 60. Mwanzo palikuwa na sifuri, sasa kuna 180. Zimetoka wapi? Kwenye misuli ya mvuvi, na kabla ya misuli, kwenye ugali na dagaa aliokula. Momenta mbili zilikuwa na mielekeo kinyume zikafutana. Nishati haina mwelekeo, haiwezi kufutana, kwa hiyo lazima itoke mahali. Na angalia mgawanyo: momenta zimegawanywa sawa, nishati haikugawanywa sawa, chepesi kimechukua sehemu kubwa. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayofanya risasi iwe na nishati nyingi kuliko bunduki inayorudi nyuma.

Kisha uwarudishe ufukweni: mtumbwi ukiwa umevutwa mchangani, mvuvi akaruka, mtumbwi hausogei. Je, kanuni imevunjika? Mchanga umeushika, na mchanga ni sehemu ya dunia. Mfumo sasa ni mvuvi, mtumbwi na dunia nzima, na dunia ni nzito mno kuonyesha mwendo wake. Swali hili moja linafundisha maana ya mfumo kuliko kurasa tatu za maelezo.

Jiwe la Bismarck limesimama juu ya miamba. Uzito wake na kani inayolibeba ndizo jozi ya kanuni ya tatu ya Newton?

Hapana. Kani hizo mbili zote ziko juu ya kitu kimoja, yaani jiwe, na zinalingana kwa sababu jiwe limetulia: hiyo ni kanuni ya kwanza. Jozi ya kanuni ya tatu siku zote inakaa kwenye vitu viwili. Dunia inavuta jiwe kwenda chini. Mwenzake ni jiwe linavuta dunia kwenda juu. Mwamba wa chini unasukuma jiwe kwenda juu. Mwenzake ni jiwe linasukuma mwamba kwenda chini. Wazoeze kutaja kila kani kwa majina mawili, "ya fulani juu ya fulani", na kosa hili litapungua lenyewe.

Nikibeba ndoo ya maji kwenye tambarare, kitabu kinasema sijafanya kazi. Mbona nimechoka?

Mwanafunzi anayeuliza hivi anafikiri vizuri, mpongeze. Kani inayoibeba ndoo inaelekea juu, mwendo ni wa mlalo, kwa hiyo kani hiyo haiipi ndoo nishati yoyote. Ndoo ikifika mwisho wa safari ina nishati ile ile iliyokuwa nayo. Lakini msuli si kulabu ya chuma. Ili ubaki umekaza, nyuzi zake zinajikunja na kuachia mfululizo, na kila mara zinatumia nishati ya chakula inayogeuka joto mwilini. Jasho ndilo ushahidi.

Ukiipandisha ndoo hiyo ya lita 20 mlima wenye kimo cha mita 40, kama zile nyumba za juu kwenye miamba ya Mabatini, kazi juu ya maji ni 20 × 9.8 × 40 = jouli 7,840. Mwili wa mbebaji nao umepanda, na ni mzito kuliko ndoo. Wape wanafunzi wajumlishe uzito wao wenyewe.

Hatuna troli, hatuna kipima muda cha umeme. Tufanye majaribio gani?

Anza na udongo wa mfinyanzi, ambao si wa kununua. Miaka ya 1720 Willem 's Gravesande wa Uholanzi aliangusha tufe za shaba kwenye udongo laini, na Émilie du Châtelet wa Ufaransa akayatumia matokeo hayo kutetea kwamba uwezo wa kitu kinachokwenda unafuata mraba wa kasi yake. Wasomi wakubwa wa Ulaya walikuwa wanabishana juu ya jambo ambalo wanafunzi wako wanaweza kulipima asubuhi moja.

Kanda udongo hadi uwe laini sawasawa, usiwe na mabonge, usawazishe juu kwa rula. Angusha gololi kubwa ya beringi kutoka sentimeta 25, halafu nyingine kutoka mita 1, kila moja sehemu yake. Kimo mara nne kinatoa kasi mara mbili: karibu mita 2.2 na 4.4 kwa sekunde. Itoe gololi kwa uangalifu ili kingo za shimo zisibomoke. Usipime kina kwa macho, kwa kuwa gololi ni ya mviringo na kina kinadanganya. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, jaza kila shimo maji hadi ukingoni, soma mililita zilizotumika. Shimo la pili litachukua karibu mara nne ya la kwanza, ingawa kasi imeongezeka maradufu tu. Rudia mara tano kila kimo na uchukue wastani. Udongo haufanani kila mahali.

Kwa momenta, panga gololi za kuchezea ndani ya mfereji wa rula ya plastiki. Ukiviringisha moja, inatoka moja upande wa pili. Ukiviringisha mbili, zinatoka mbili. Uliza kwa nini haitoki moja kwa kasi maradufu. Momenta ingelingana, lakini nishati ingekuwa mara mbili ya ile iliyoingia. Kanuni zote mbili lazima zitimie pamoja.

Simu ya kawaida hurekodi picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ni moja ya thelathini ya sekunde. Mpira ukiangushwa mbele ya ukuta wenye alama za chaki, video ikasogezwa picha kwa picha, una kipima muda. Kwa shule yenye kompyuta, programu ya Tracker ni ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nayo ni ya bure, yana migongano na bembea za nishati, na ukishayapakua hayahitaji intaneti. Lakini usiyatumie badala ya udongo na gololi. Mwanafunzi anaamini zaidi alichokishika.

Wanapoteza alama nyingi wapi?

Kwenye ishara. Mpira wa kilo 0.43 unagonga mwamba wa goli kwa mita 10 kwa sekunde na kurudi kwa 8. Wengi wataandika badiliko la momenta kuwa 0.43 × 2 = 0.86. Jibu ni 0.43 × 18 = kg m/s 7.74, maana mwelekeo umegeuka. Kabla ya namba yoyote mwanafunzi achore mshale na kuandika upande upi ni chanya. Usisahihishe kazi isiyo na mshale huo; irudishe.

Mwanafunzi atajuaje atumie momenta au nishati kwenye swali la mgongano?

Wakati wa mgongano wenyewe, momenta. Inahifadhiwa kila mgongano, mradi kani za nje ni ndogo kwa ule muda mfupi. Nishati mwendo inahifadhiwa tu pale swali linaposema hivyo, au vitu vigumu vinapodunda bila kubonyea. Vitu vikigandana, usiiguse kabisa katika hatua hiyo. Kabla na baada ya mgongano, kitu kinaposhuka mteremko au kupanda, hapo nishati ndiyo njia fupi.

Swali la risasi na gogo linalobembea ni hatua mbili: momenta kwanza, nishati baadaye. Anayeziunganisha hatua hizo kuwa moja hukosa lote.

Nieleze vipi kwamba nishati haiishi, wakati umeme wa LUKU unaisha?

Kinachoisha ni haki yako ya kuchukua zaidi. Nishati uliyochukua imegeuka joto la pasi, mwanga na upepo wa feni, na hatimaye joto la chumba, ambalo huwezi kulikusanya tena kulirudisha kwenye waya. Haijapotea, imesambaa.

LUKU inakupa pia kipimo kizuri. Yuniti moja ni jouli 3,600,000. Mwamba wa tani mbili ukiporomoka mlimani kimo cha mita 50 unaachia jouli 980,000, kama robo tu ya yuniti. Wanafunzi hukataa kwanza. Wape wapige hesabu wenyewe, kisha wajadili mbona robo ya yuniti ikiachiwa yote kwa sekunde chache inabomoa nyumba, na ikitumika polepole inachaji simu kwa siku nyingi.

Nifundishe kwa lugha gani?

Mtihani wa taifa ni wa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi lazima aandike jibu lote kwa Kiingereza, na apate mazoezi ya kutosha. Mabishano ya vikundi yaachie Kiswahili. Atakayeweza kumshawishi mwenzake kwa Kiswahili kwamba kani kwenye kilele si sifuri, atahitaji sentensi mbili za Kiingereza kuliandika.

Je, niingize usalama barabarani, au ni kutoka nje ya mada?

Ingiza. Vijana hawa wanapanda bodaboda kila siku, na wengine watakuwa madereva kabla hawajawa wahandisi.

Breki: kwenye lami ambayo msuguano wake ni 0.5, pikipiki ya kilometa 30 kwa saa inasimama ndani ya mita 7. Ya kilometa 60 inahitaji mita 28. Toka nje na kamba, pimeni urefu huo uwanjani, mwanafunzi mmoja asimame mita 7, mwingine mita 28. Hapo bado hamjaongeza umbali ambao dereva anasafiri kabla mkono haujashika breki.

Helmeti: kichwa cha kilo 5 kinachogonga lami kwa mita 6 kwa sekunde kina jouli 90. Bila helmeti kinasimama ndani ya nusu sentimeta, kani ya wastani nyutoni 18,000. Povu la ndani likibonyea sentimeta 3, kani ni nyutoni 3,000. Kofia ngumu isiyo na povu haitoi umbali huo. Waambie wakipewa helmeti iliyochakaa ndani wadai nyingine.

Kwenye mahesabu nitumie 9.8 au 10?

Fuata thamani iliyotolewa kwenye karatasi ya mtihani. Kwenye vitendo, andika ulichopima. Mwanza iko karibu na ikweta na ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo uvutano hapa ni kama 9.78. Kundi likitumia bendulo ndefu, likahesabu mizunguko hamsini na kupata 9.77, usiwaambie wamekosea kwa kuwa kitabu kinasema 9.81. Waonyeshe wamepima mahali walipo.